Posa Iliyopewa Alama Arobaini na Moja

Kuna watu wakiamka asubuhi humshukuru Mungu kwa uhai. Mwalimu Rudia alikuwa akiamka anatafuta kosa. Alianzia kwenye boksi la dawa ya meno, akahamia kwenye kalenda ya ukutani, zawadi ya duka la vifaa vya ujenzi, ambamo mwenye duka alikuwa amewatakia wateja wake "mwaka mpya wenye mafanikio tele na mengi". Tele na mengi. Kila mwezi ulipogeuzwa aliyaona upya maneno hayo, akaumia upya, na kalenda hakuitoa, maana angeitoa angeumia na nini? Kadi za mwaliko wa harusi alizisahihisha kabla ya kujua nani anaoa. Kadi za rambirambi alizisahihisha pia, ila hizo kwa penseli, kwa sababu naye ni binadamu, ana huruma zake.

Jina la Rudia hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, kwa kuwa ndilo neno aliloliandika chini ya karatasi zao kwa wino mwekundu na kulipigia mistari miwili, wasije wakadhani anatania. Wanafunzi wenyewe walikuwa watu wazima, wageni kutoka nchi za mbali walioletwa na kazi zao na kujikuta wanahitaji kuandika Kiswahili. Kulikuwa na padri wa kuandika mahubiri, muuguzi wa kuandika ripoti za zamu, mafundi, na watu wa miradi ambao hata kwa lugha yao haikujulikana wanaandika nini. Aliwafundisha jioni, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Ngazi ya kupandia ilibanwa na magodoro mapya ndani ya nailoni, na mtu aliyetoka kazini hoi ilimbidi apite katikati ya kishawishi hicho kwenda kukalia kiti cha plastiki na kusoma viambishi. Waliofika juu walistahili cheti kwa hilo tu.

Juu ya meza palikuwa na kamusi, moja, nene, imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mguu wa meza. Si kwamba wanafunzi walikuwa wezi. Walikuwa na haraka, na kwa Mwalimu Rudia mtu mwenye haraka na kamusi ni wa kuogopwa kuliko mwizi. Ukutani alikuwa ameandika kwa mkono wake: SOMA. KISIA. NDIPO UFUNGUE. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya chumba kile. Unasoma ukurasa mzima kwanza, wa kitabu chochote, hata wa gazeti lililofungiwa sabuni. Neno usilolijua unalitia nukta ya penseli, unawatazama majirani zake wa kushoto na kulia, unakisia maana. Ukishakisia, sasa nenda kwenye mnyororo, fungua, na usome maelezo yote mpaka mwisho, pamoja na mfano, si kudokoa maana ya kwanza na kukimbia nayo. Na hata hapo bado huruhusiwi kuliandika. Unangoja ulikute tena mahali pengine, kwa mwandishi mwingine.

"Umekutana nalo mara moja tu, tayari unalituma kazini?" alikuwa akiwauliza. "Mtu gani unamwajiri hujui hata kwao?"

Njia ilikuwa nzuri, tusimwonee. Waliokuwa na subira waliandika vizuri baada ya muda, na muuguzi alifikia mahali ripoti zake zikasomwa na daktari bila kuitwa aje kuzieleza. Tabu ilikuwa ni wale wasio na subira, na kinara wao alikuwa fundi wa pampu za maji, kijana mrefu wa thelathini na kitu, ambaye darasa zima lilimwita Pampu. Pampu alikuwa mtu wa adabu. Aliamkia, alifuta ubao bila kuombwa, alibeba viti. Lakini kwenye kamusi alikuwa kama mtu aliyeachiwa duka la nguo bila mwenye duka. Alivaa kila kitu. Alipotaka kusema amechoka, aliandika kwamba "amedhoofika kiwiliwili". Alipoulizwa kwa nini hakuandika tu amechoka, alisema neno hilo analijua tayari, sasa kuna faida gani?

"Rudia," aliandikiwa wiki ile, na ile iliyofuata, na ile iliyofuata.

Nyumbani Mwalimu Rudia alikuwa na mke na binti mmoja. Mkewe alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya macho, mwanamke mwenye sauti ya taratibu na maneno yanayochoma, ambaye baada ya miaka yote ile ya ndoa alikuwa ameacha kumwandikia mumewe hata karatasi ya sokoni. Alimtajia kwa mdomo. Binti alifanya kazi katika maabara ya idara ya maji, akipima maji ya visima, na nyumbani hakuitwa jina lake. Aliitwa Kisia. Tangu hajaanza shule baba yake alikuwa akimpakata na kitabu, anaweka kidole chini ya neno, anamwambia, "Kisia." Naye anakisia upuuzi, baba anacheka mpaka miwani inaanguka, kisha wanafungua kamusi ya nyumbani, ile isiyo na mnyororo. Mtoto akakua, akasoma, akaanza kazi, mchezo haukuisha. Jioni baada ya chakula baba na binti walikaa sebuleni na kitabu, yeye akikisia vibaya makusudi, baba akijifanya kukasirika. Kama kuna kitu ambacho Mwalimu Rudia hakuwahi kukitafutia kosa, ni saa ile moja.

Basi, wiki moja alitoa zoezi la nyumbani la barua rasmi. Waombe kazi, waombe likizo, waombe wanachotaka. Jumamosi asubuhi akakaa na rundo la karatasi mezani, mkewe anapiga pasi karibu na dirisha. Padri alikuwa ameomba mabati ya kanisa. Muuguzi aliomba uhamisho. Ya tatu ilikuwa ndani ya bahasha, jambo lililomkera kidogo, lakini mwandiko aliujua. Akaichana, akashika kalamu.

"Mheshimiwa Mzazi Dume," ilianza. Mwalimu akazungushia duara, akaandika pembeni, "Wa ng'ombe?" Akaendelea. "Kwa taadhima na unyenyekevu uliokithiri, nakusudia kumsimika binti yako katika makazi yangu kwa muda usiojulikana." Duara. "Mimi ni mwanamume mwenye ujazo wa kutosha." Pembeni akaandika, "Lita ngapi?" na hapo akacheka peke yake, mkewe akageuka kumtazama. "Sina kutu. Nimemkagua binti yako kwa kipindi kirefu na nimeridhishwa na utendaji wake." Duara, duara, mstari. Mwalimu alikuwa anafurahi. Alijisemea moyoni kwamba huyu Pampu akiendelea hivi atafungwa jela siku moja.

Akafika mstari uliosema: "Yaani binti yako wa maabara ya maji, ambaye kwenu mnamwita Kisia."

Kalamu ikasimama.

Akarudi juu. Akasoma tena tangu Mzazi Dume, safari hii bila kucheka. Ilimchukua muda kuelewa kwamba Mzazi Dume ni yeye. Pampu alikuwa ameandika posa, posa ya kweli, na kwa kuwa katika maisha yake hapa karatasi zote zilizomhusu Mwalimu zilikwenda kwenye rundo la mazoezi, basi na hii aliiweka hapohapo.

Sasa mtu mwingine yeyote, wewe au mimi, angeiweka kalamu chini. Angemwita mkewe. Angesema, mama, njoo uone mambo. Mkewe alikuwa hatua chache tu, ana pasi mkononi. Na hapa ndipo msimulizi asipotaka kumtetea mtu: Mwalimu Rudia aliutazama mlango wa chumba cha binti yake, ukiwa umefungwa, akasikia redio ndogo ndani na binti akiimba vibaya, na woga ukamshika. Woga wa kweli, wa mtu mzima, wa kuachwa sebuleni na kamusi. Kisha akaisahihisha barua mpaka mwisho. Aliisahihisha kwa ukali kuliko mwanzo. Nukta iliyokuwa na haki ya kuwa hapo ilipoteza haki yake. Chini akaandika arobaini na moja kwa mia, na chini ya hapo, Rudia, mistari miwili. Mstari wa pili ulichana karatasi.

Jumatatu akairudisha darasani pamoja na nyingine.

Padri, aliyekaa kiti cha jirani, alichungulia karatasi ya Pampu kama kawaida yake, maana watumishi wa Mungu nao ni watu. Alisoma, akasoma tena, akafunga macho.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "hii ni barua ya kuomba mke."

"Ndiyo, Padri."

"Na yeye ameipa alama."

"Ndiyo," alisema Pampu, uso umemchanua. "Arobaini na moja. Wiki iliyopita nilipata thelathini na tano. Ninapanda."

Jamani. Mtu alidhani ndio utaratibu. Alidhani katika nchi hii baba wa binti hupewa posa, akaisahihisha, ukarudia mpaka ukafaulu, na kwa kumjua Mwalimu wake wala hakuona ajabu. Jioni ile alimwonyesha Kisia karatasi yake kwa fahari yote.

Kisia aliingia nyumbani bila kuvua viatu. Baba yake alikuwa sebuleni, kitabu kiko tayari, kidole kiko tayari. Aliiweka barua juu ya kitabu.

"Baba, uliisoma mpaka mwisho?"

"Niliisoma."

"Ulipofika hapa, ulijua ni mimi?"

Mwalimu aliitazama barua kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mwanangu, kosa ni kosa. Haliangalii ni la nani."

"Nimekuuliza kama ulijua."

Mwalimu aliisogeza barua pembeni ya kitabu. Mkewe, aliyekuwa ametokea mlangoni na kitambaa cha vyombo, alichukua karatasi, akaisoma palepale. Alipofika kwenye kutu, mdomo ulimcheza. Alipofika kwenye arobaini na moja, ukatulia.

"Sawa," Kisia alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi tunakwenda kwa msajili wa ndoa. Jumapili yake tunahama. Kampuni inampeleka kituo kingine, mbali, na mimi nimepata nafasi kwenye maabara ya hukohuko. Ataleta barua nyingine kwa sababu nimemwomba alete, si kwa sababu unastahili. Ukimjibu kama baba, utakaa mbele siku ya Ijumaa. Ukiirudisha na wino, tutaokota mashahidi barabarani, na wewe utasikia kwa majirani."

Akaingia chumbani. Redio haikuwashwa. Kitabu kilibaki wazi pale mezani, na jioni iliyofuata hakuna aliyekigusa.

Mkewe hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alianza kumpa alama. "Leo umeamka saa nzuri, hamsini," alisema akimwekea chai. "Kufunga geti umesahau, thelathini. Rudia." Mwalimu alimwomba aache. "Siachi," akasema, "mpaka ufikishe mia. Kule kliniki wanakuja watu hawaoni hata mkono wao. Lakini wale ukiwapa miwani wanavaa." Usiku uleule alikusanya kalamu zote nyekundu za nyumba nzima, hata ile kavu ya ndani ya koti, akazifungia kwenye kopo la sukari. Alijua mumewe hali sukari.

Mwalimu Rudia alikuwa na ubishi, lakini mjinga hakuwa. Alijua hesabu ilivyokaa. Barua ya pili ikija kama ile ya kwanza, hata asipoitia wino, uso wake utaitia, maana hakuwahi katika maisha yake kusoma "ujazo wa kutosha" na kubaki na uso wa kawaida. Kumwandikia Pampu hawezi, itakuwa ni kujiposea binti yake mwenyewe. Kumwambia aandike nini hawezi vilevile. Kilichobaki ni kumfundisha, na muda wenyewe ulikuwa unakimbia.

Jumatano akamwambia Pampu abaki darasa likiisha. Akachukua kamusi, akaizungushia mnyororo mara ya pili, akafunga kufuli.

"Hii huigusi," alisema. "Mpaka nikwambie."

"Sasa nitaandikaje, Mwalimu?"

"Nani amesema uandike? Utasoma."

Akampa alichokuwa nacho. Kitabu cha watoto wa darasa la tatu chenye picha ya sungura. Riwaya kuukuu ya maktaba iliyopoteza jalada na kurasa za mwanzo, hivyo watu walikuwa wameshaanza kugombana kabla hujajua ni nani. Magazeti. Pampu alisoma kwa sauti, huku chini muuza magodoro akifunga milango ya bati kwa kelele za makusudi. Alitia nukta, alikisia. Mwanzoni alikisia kama mtu anayetupa mawe gizani. Baada ya siku kadhaa akaanza kuwatazama majirani wa neno, akaanza kusema, "Hili lazima ni kitu kibaya, kwa sababu wote wamekimbia." Mwalimu alianza kusahau kumchukia. Hilo lilimuudhi sana.

Siku moja akampa karatasi tupu. "Niandikie kuhusu pampu. Kwa nini hufa. Sitaki neno ambalo hujalikuta mara mbili."

Pampu aliinama nusu saa. Alichomletea kilikuwa hivi: "Pampu haifi siku moja. Kwanza inabadilisha sauti. Mlinzi anaizoea sauti mpya, anasema ni kawaida yake. Siku maji yakikatika, watu wanasema imekufa ghafla. Haikufa ghafla. Hakuna aliyesikiliza."

Mwalimu aliisoma mara ya kwanza, mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu isiyokuwepo. Aliisoma mara ya pili, mkono ukarudi mezani. Alifikiria nyumbani kwake, mlango uliofungwa, redio iliyonyamaza, na akajiona amesemwa yeye.

"Kuandika hivi umejifunzia wapi?" aliuliza.

"Ukurasa wa michezo, Mwalimu. Yule mwandishi, timu yake ikifungwa, anaandika sentensi fupi sana."

"Huyo umemsoma mara ngapi?"

"Kila Jumatatu. Wanafungwa sana."

Barua ya pili ilikuja Jumapili, kwa mlango wa mbele, na Pampu mwenyewe akiwa ndani ya shati lililopigwa pasi hadi likatisha. Aliamkia, akaketi pale alipoonyeshwa, akaitoa kwa mikono miwili. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa pembeni. Kisia alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, macho yake yako kwenye mikono ya baba, si kwenye uso. Mwalimu aliifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kwa sababu hakuna aliyemwambia asisome kwa sauti.

"Mwalimu, shikamoo. Nampenda binti yako. Naomba nimuoe.

"Siku ya kwanza nilimwona maabara wakati wa chakula, anasoma kitabu. Aliweka kidole chini ya neno akatazama dari. Nilimuuliza anatafuta nini juu. Akasema hatafuti, anakisia. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akasema, baba yangu, anafundisha wageni juu ya duka la magodoro. Ndiyo sababu nilikuja darasani kwako. Nilitaka kumjua mtu huyo.

"Najua nikimchukua, jioni hutakuwa na mtu wa kukisia. Sina maneno ya jambo hili. Nimesoma sana kuyatafuta. Siku ile ulipokwenda kuongea na muuza magodoro nilijaribu kufungua kamusi yako, nisamehe, lakini ulikuwa umefunga kufuli."

Ilikuwa imeishia hapo, na jina. Nje mtu alipita akiburuta toroli. Mwalimu aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akaikunjua, akaikunja.

"Nitajibu kwa maandishi," alisema.

Pampu alishukuru, akaaga. Kisia alimsindikiza hadi getini, akarudi, akapita sebuleni, akaingia chumbani. Ijumaa ilikuwa wiki ileile.

Sasa ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria, na mwenyewe ndiye wa mwisho kulifikiria. Mwalimu Rudia alikuwa hajawahi kuandika. Miaka yote ile aliandika pembeni, aliandika chini, aliandika juu ya mistari ya watu wengine. Ukurasa mweupe, wake mwenyewe, usio na kosa la mtu wa kuanzia, hakuwa na habari nao. Jumatatu alikaa nao, akaamka nao. Jumanne akaandika tarehe. Jumatano akafanya kile ambacho angemfukuzia mwanafunzi darasani: akaivuta kamusi ya nyumbani, akaanza kuchagua. Alhamisi jioni akamkabidhi mkewe kurasa mbili, akasimama karibu yake kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mkewe alisoma taratibu. "Kwa kuwa maazimio ya pande husika yametamalaki," alisoma kwa sauti. Akamtazama. "Yametamalaki?"

"Endelea."

"Nami, kwa bashasha isiyokosa jitimai, sina budi kuridhia, ingawaje..." Aligeuza ukurasa, akamaliza, akarudi mwanzo kutazama kama kuna alichoruka. "Baba Kisia, nimesoma mpaka mwisho. Umekubali au umekataa?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Alinyanyuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la sukari. Alichagua kalamu, akaijaribu kwenye kiganja, akaandika chini ya ukurasa wa pili: Ishirini na tisa. Rudia. Akapiga mistari miwili. Kisha akaiacha kalamu pale mezani, pamoja na barua ya Pampu.

"Wewe si ndiye unayewaambia wasome kwanza?" alisema. "Basi soma. Mimi nalala, kesho nina harusi ya mwanangu."

Asubuhi ya Ijumaa mama na binti walikuwa tayari mapema. Kisia alivaa gauni la rangi ya maji ya bahari na viatu vilivyombana. Gari la Pampu, lile la kubebea mabomba, lilikuwa limeoshwa na kusimama getini, yeye ndani, Padri pembeni yake akiwa shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili ilikuwa bado wamwokote. Mlango wa chumba cha Mwalimu ulikuwa umefungwa. Kisia aliutazama mara moja, akachukua mkoba wake.

"Twende, Mama."

Mlango ukafunguka. Baba yake alitoka na fulana, suruali ya suti na soksi, macho mekundu kama hajayafumba. Mkononi ana karatasi. Alimpa, akageuka, akarudi alikotoka.

Kisia aliisoma amesimama. Ilikuwa karatasi chafu kuliko zote zilizowahi kutoka katika nyumba ile. Kila mstari ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, kwa mkono uleule ulioandika. Kutamalaki kumekatwa. Bashasha imekatwa. Mistari miwili juu ya pande husika. Pembeni alikuwa amejiuliza mwenyewe, "Unasema nini?" na chini kidogo, "Sema." Mahali pamoja aliandika tena Rudia, akaikata na hiyo. Chini kabisa, pembeni ya ukurasa, pale ambapo siku zote huwekwa alama, palibaki maneno ambayo hayakukatwa.

"Mwanangu Pampu, barua yako nimeisoma mara nyingi. Haina kosa. Ya kwanza niliirudisha kwa sababu sitaki aende. Bado sitaki. Mchukue. Mnisubiri nivae viatu."

Mama yake alisoma akiwa nyuma ya bega lake. Getini Pampu alipiga honi fupi, ya adabu.

"Haina kosa," mama alisema. "Barua ya Pampu ina makosa manne, niliyahesabu."

Kisia aliweka mkoba chini, akaingia chumbani. Alimkuta baba yake amekaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, analia bila kujificha, kama mtu asiyejua kiatu huvaliwaje. Alipiga magoti na gauni lake lile, akakichukua, akamvisha, akaanza kumfunga kamba.

"Huko mnakokwenda," baba alisema, "kuna maktaba?"

"Sijui, Baba."

"Kisia."

Akafunga fundo, akaangalia dari, machozi yakimteremka. "Ipo," alisema. "Ndogo, na haina hata kiti."

"Hapana, haiwezekani ikose kiti," alisema Mwalimu Rudia kwa ukali wake wa zamani, na sauti ikamkatikia.

Sebuleni mkewe alikuwa ameshafungua mlango wa mbele. "Baba Kisia," aliita, "uso huo haufai kwenye picha. Rudia kunawa, tunachelewa."